Kabla Hujasema Amekuchoka

Chumbani hakuna kitu, usoni hakuna tabasamu, na akisimama anayumba kama mlevi. Unadhani ni nyumba ndogo au pombe? Soma kwanza hapa.

Mpenzi msomaji, mwezi huu nilikaa na dada mmoja kibarazani kwake Tabata, Dar es Salaam, tukila korosho na kuongea kwa zaidi ya saa mbili. Jina ameniomba niliache. Ana miaka 51, watoto watatu, na ndoa ya miaka 26 ambayo nusura ivunjike kwa sababu ya ugonjwa ambao hakuwahi hata kuusikia.

"Mdogo wangu, mimi nilishafunga mabegi," aliniambia. "Nilikuwa nasubiri mtoto wa mwisho amalize mtihani tu, niondoke."

Mambo yalianzia chumbani. Mumewe, wakati huo akiwa na miaka 52, alianza kuishiwa nguvu za kiume. Hakusema kitu, akawa anawahi kulala. Dada yetu akajijibu mwenyewe: huyu ana mtu. Baada ya miezi kadhaa zikaja ngumi za usiku. Mzee yuko usingizini, anapiga kelele, anarusha mikono na mateke. Asubuhi mke ana jicho jekundu, mume anashangaa, anasema alikuwa anaota anapambana na wezi.

Kisha sendofu ya mpwa wao. Mume alisimama kwenda kutoa zawadi, akapiga hatua tatu, akaanguka mbele ya ukumbi mzima. Alikuwa amekunywa soda tu, lakini nani ataamini? Wiki ile ukoo mzima uliongea: baba wa watu siku hizi anakunywa.

Kilichomuumiza zaidi ni uso. "Nikimsimulia jambo la kuchekesha ananiangalia tu, kama ukuta. Nikajua sasa nimechokwa kweli."

Mama mkwe alisema kijana wake kalogwa, wakazunguka kwa waganga mpaka akiba ikaisha. Hospitalini nako waliambiwa ni Parkinson, wakapewa dawa ambazo hazikusaidia sana. Tangu dalili ya kwanza, ilichukua karibu miaka minne mpaka daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alipowaita wote wawili, akawaambia jina lenyewe: MSA.

Ni ugonjwa gani huu?

Kirefu chake kwa Kiswahili tunaweza kusema ni atrofia ya mifumo mingi, yaani sehemu kadhaa za ubongo zinasinyaa kwa pamoja. Protini iitwayo alfa-sinukleini inajikusanya ndani ya seli zinazotunza nyuzi za fahamu, na taratibu sehemu hizo zinakufa. Zinazoathirika ni zile zinazoongoza mwendo na mizani ya mwili, pamoja na zile zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru: presha, kibofu, choo, jasho, tendo la ndoa. Madaktari wa Marekani, Shy na Drager, waliuelezea mwaka 1960. Jina la MSA likaja mwaka 1969.

Ni ugonjwa wa nadra. Makadirio ya kawaida ni watu wanne au watano katika kila watu 100,000. Mara nyingi huanza mtu akiwa kwenye miaka ya hamsini, na huwapata wanaume na wanawake. Hauambukizi, na kwa kawaida haurithiwi. Dawa ya kuuponya haipo mpaka leo. Wengi huishi kati ya miaka sita na kumi tangu dalili za mwanzo, wengine zaidi. Nayasema haya bila kuzunguka kwa sababu dada yetu aliniomba: "Andika ukweli. Sisi tulipotezewa muda na watu waliotuficha."

Na usidhani mwili wa mazoezi ni kinga. Nikolai Andrianov, mwanamichezo wa viungo wa Urusi ya zamani, alishinda medali 15 za Olimpiki. Hakuna mwanaume aliyekuwa na nyingi kuliko yeye mpaka Michael Phelps alipompita Beijing mwaka 2008. Mkewe, Lyubov Burda, naye ni bingwa wa Olimpiki. Mtu aliyekuwa akizunguka hewani kama ndege, MSA ilimnyima mikono, miguu, na mwishoni hata sauti. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 58.

Tunavyokosea kusoma dalili

Hapa ndipo ugonjwa huu unapogeuka kesi ya ndoa. Kila dalili ina tafsiri yake mbaya, na sisi wanandoa ni hodari wa kutafsiri.

"Hanitaki tena." Kwa mwanaume mwenye MSA, nguvu za kiume huweza kupotea miaka kadhaa kabla ya dalili nyingine. Mwanamke naye anaweza kupungukiwa hisia. Mapenzi yapo, mishipa ndiyo haipeleki ujumbe. Ila tusitishane: mara nyingi tatizo hili linatokana na kisukari, presha, dawa au mawazo. Nendeni mkapime, tena mwende wawili.

"Ananipiga." Kwa kawaida mwili hulegea wakati wa ndoto. Kwa mgonjwa huyu haulegei, kwa hiyo anaigiza anachoota. Lakini shosti, tuelewane: anayekupiga akiwa macho hana ugonjwa huu wa kusingizia.

"Amelewa." Akisimama, presha inaporomoka, ubongo unakosa damu ya kutosha, macho yanaingia giza, anaanguka. Maneno nayo yanaburuzika, na mwendo unakuwa wa miguu iliyotanuka. Mtu wa mbali ataapa kwamba ni konyagi.

"Amenuna." Misuli ya uso inakakamaa. Ndani anacheka, nje huoni kitu. Wengine kinyume chake: wanalia au kucheka bila kutaka, hata msibani.

"Mchafu." Mkojo unamtoka kabla hajafika chooni, au kibofu kinagoma kumwaga wote. Hajazembea. Mara nyingi yeye mwenyewe anaona aibu kuliko wewe, ndiyo maana hatoki nyumbani.

Na kubwa kuliko zote: kwa wengi akili inabaki. Anaweza kuchelewa kupanga mambo au kujibu, lakini anasikia kila neno mnalosema juu ya kichwa chake.

Kipimo kisicho na gharama kubwa

Daktari kijana aliyewafungua macho alianza na mashine ya presha tu. Alimlaza mzee dakika tano akampima, akamsimamisha, akampima tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, kuna jambo la kufuatilia. Haina maana kwamba ni MSA. Hata kukosa maji mwilini au dawa za presha huleta hali hiyo. Lakini ukiwa unaanguka, na mkojo unakusumbua, na mwendo umebadilika, mtajie daktari yote matatu kwa pamoja. Tatizo letu, mguu tunaupeleka kwa huyu, kibofu kwa yule, na cha chumbani hatukisemi kabisa.

Kuishi nao siku kwa siku

Haya ndiyo yanayowasaidia wao, na madaktari wao wameyakubali:

1. Kuamka kwa hatua. Anakaa kitandani dakika chache, anachezesha miguu, ndipo anasimama akiwa ameshika kitu. Daktari anaweza kuongeza maji, chumvi, soksi za kubana au dawa. Chumvi usijiamulie mwenyewe.

2. Kichwa juu. Miguu ya kitanda upande wa kichwa imewekewa matofali, maana presha hiyo hiyo inayoshuka akisimama huweza kupanda sana akilala chali.

3. Joto. Mwili hautoi jasho vizuri, na kwa Dar hilo ni balaa. Anaoga maji ya vuguvugu, si ya moto. Mchana yuko kwenye feni. Chakula kidogo kidogo, kwa sababu sahani kubwa ya wali nayo inashusha presha.

4. Kumeza. Cha ajabu, chai na maji ndivyo vinavyompalia kuliko uji mzito. Analishwa akiwa amekaa wima, bila haraka, bila kuongeleshwa. Kupaliwa mara kwa mara huleta nimonia, na hiyo ndiyo inayoua wengi.

5. Sauti ya usiku. Akianza kuvuta pumzi kwa mlio mkali kama filimbi, huko si kukoroma kwa kawaida. Mwambie daktari haraka, maana njia ya hewa inabana.

6. Mazoezi na mpira. Mtaalamu wa viungo anakuja mara moja kwa wiki. Mpira wa mkojo waliukataa mwanzoni kwa aibu. Leo mke anasema ndio uliowarudishia usingizi.

Na wewe unayeuguza?

Nilimuuliza kuhusu ile sehemu ambayo gazeti hili haliogopi kuiuliza. Alicheka, akafunika uso na khanga. "Ile kazi iliisha, mdogo wangu. Lakini kila usiku nampaka mafuta miguuni, taratibu, mpaka alale. Zamani tulikuwa tunamaliza haraka haraka kila mtu anageukia kwake. Sasa hivi nusu saa nzima tunashikana."

Hakunificha mabaya pia. Kuna siku anajifungia bafuni analia. Kuna siku anamkaripia mgonjwa, kisha anajichukia. Kilichomwokoa ni kupanga zamu: kijana mkubwa analala na baba Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili asubuhi mama ni wa kanisa na mashoga zake, simu imezimwa. Walikaa pia na watoto wakaandika mume anataka nini sauti ikishaisha: nani asimamie pesa, kama atakubali mrija wa chakula, angependa kufia wapi. Waliandika akiwa bado anaweza kusema. Jamani, msisubiri.

Kabla ya kuondoka niliingia sebuleni kumuaga mzee. "Shikamoo baba." Kimya. Uso haukusogea. Nikataka kugeuka, dada akanishika mkono: "Subiri." Nikasubiri. Midomo ikahangaika, na baada ya muda nilioona mrefu sana ikatoka, ndogo, kama inatoka chumba cha pili: "Marahaba."

"Unaona?" mkewe akaniambia. "Miaka minne nilikuwa nageuka kabla hajajibu."