Njia ya Uzito Ndani ya Nyumba

Uzito wa kila kitu kilichomo nyumbani, kuanzia bati la paa hadi gunia la mchele lililoko stoo, hauna budi kufika ardhini. Paa huukabidhi kwa kenchi, kenchi kwa ukuta, ukuta kwa msingi, na msingi kwa udongo. Mhandisi wa miundo huifuata njia hiyo tangu juu hadi chini, akihakikisha kila sehemu inamudu yote yaliyo juu yake. Ukuta wima haumsumbui sana, kwa kuwa mawe na matofali huvumilia kubanwa. Kazi huwa ngumu pale uzito unapotakiwa kuvuka nafasi tupu, iwe juu ya mlango, juu ya dirisha au juu ya chumba kizima.

Boriti iliyolazwa juu ya kuta mbili hupinda katikati, hata kama jicho halioni. Upande wake wa juu hubanwa, wa chini huvutwa. Nafasi ikiongezwa mara mbili, na mzigo wa kila mita ukabaki uleule, nguvu ya kuipinda boriti huongezeka mara nne. Ndiyo sababu nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina vyumba virefu lakini vyembamba. Sakafu zake zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazikuvuka zaidi ya mita 3 hivi, na juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Mwenye nyumba aliweza kukirefusha chumba apendavyo. Upana ulikwisha kuamuliwa na mti.

Wajenzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani walipata njia nyingine. Katika upanuzi wake wa karne ya 14 waliezeka kwa kuba na matao. Tao huugeuza mzigo kuwa mbano, na mbano ndio jiwe linaoumudu. Hata hivyo miguu ya tao husukuma kwenda nje, kwa hiyo lazima izuiwe na ukuta mzito au na tao jirani.

Chuma kiliondoa mpaka uliowekwa na mkoko. Beit al-Ajaib, iliyojengwa Zanzibar mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, ilizungushiwa nguzo ndefu za chuma zilizobeba roshani pana kwa namna ambayo mawe na mikoko peke yake visingeweza. Lakini jengo la aina hii hudai matunzo ya kudumu, kwani maji ya mvua yakipenya huozesha boriti na kuidhoofisha chokaa. Desemba 25, 2020, wakati ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na kuua watu wawili.

Nyumba nyingi za ghorofa sasa husimama kwa zege na nondo. Zege likibanwa ni imara, ila uwezo wake wa kustahimili kuvutwa ni takriban sehemu ya kumi tu ya ule wa kubanwa. Pengo hilo huzibwa na nondo. Viwili hivi vinaoana vizuri ajabu: hutanuka kwa joto kwa kiwango kinachokaribiana, na zege lililoshiba saruji huikinga nondo isishike kutu. Mchanga wa pwani wenye chumvi huivunja kinga hiyo. Nondo yenye kutu huvimba, nayo hulipasua zege kutoka ndani.

Mahali pa nondo pana umuhimu sawa na unene wake. Katika mhimili ulioegemea nguzo mbili, nondo kuu za katikati hukaa chini, kwenye upande unaovutwa. Katika roshani iliyochomoza bila nguzo mbele, mambo hugeuka: upande wa juu ndio unaovutwa, na nondo kuu lazima zikae huko. Mafundi wakizikanyaga wakati wa kumimina zege zikazama chini, roshani itapendeza machoni huku ikiwa karibu haina nondo pale inapozihitaji. Kosa hili ni la kuogopwa kuliko mengi, maana zege likishazifunika hakuna wa kuliona.

Nguzo nayo ina hatari zake. Ikiwa ndefu na nyembamba, huweza kupinda kando kabla zege halijasagika. Ringi zinazofunga nondo zake huzizuia nondo zisichomoke kando, na zikipangwa mbalimbali mno faida hiyo hupungua. Maji yaliyozidi kwenye mchanganyiko hurahisisha kumimina lakini huacha vitundu vinavyolidhoofisha zege. Nguvu ya zege hupimwa likiwa na siku 28, na siku za mwanzo lazima limwagiliwe. Mirunda ikitolewa mapema, sakafu hubebeshwa mzigo ikiwa bado changa.

Nguzo ya chini hubeba ghorofa zote zilizo juu yake. Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa kuwa ghorofa zake zilizidi zilizoidhinishwa. Ghorofa ya ziada haiishii kuongeza mzigo pale ilipowekwa, bali uzito wake hupita katika kila nguzo iliyo chini yake hadi kwenye msingi uliochimbwa kwa hesabu nyingine. Kabla ya kuiongeza, mhandisi hukokotoa upya jengo zima, hupima zege lililopo, na huchunguza udongo kama utaubeba uzito mpya bila kudidimia.