Mkono uliokaza baada ya kiharusi: mashine ya ubongo inaweza nini?

Mgonjwa wa kiharusi, kile tunachoita AVC, akitoka hospitali, mara nyingi ni sisi tunaobaki naye nyumbani. Majuma machache baadaye shida nyingine inaweza kuanza: kiwiko kinajikunja, ngumi inafunga, kucha zinachoma kiganja. Msuli wenyewe haukuumia. Ni ubongo uliopoteza sehemu ya amri zake, na msuli ukakosa wa kuutuliza.

Siku hizi tunasikia habari za mashine zinazotibu ubongo bila kupasua kichwa. Mashine hizo ziko kweli. Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba sumaku ya umeme ikiwekwa juu ya kichwa inaamsha ubongo, hata misuli ya mkono ikatikisika. Aina nyingine inapitisha umeme hafifu, kwa kawaida miliampea 1 au 2. Mgonjwa anakaa macho.

Lakini tusidanganywe. Katika majaribio, wagonjwa wengine walilegea kidogo, wengine hawakuona tofauti. Tena matibabu hayo yanataka vikao vingi, pamoja na mazoezi, si badala yake. Mwenye kifafa au chuma kichwani anaweza kudhurika na sumaku. Basi mtu akikuahidi kwamba kikao kimoja kitafungua mkono, usiuze kiwanja. Na umeme wa betri usijaribiwe nyumbani kamwe.

Kazi ya kila siku tunaiweza:

- Omba mtu wa kineziterapia akuonyeshe jinsi ya kunyoosha mkono polepole. Ukivuta kwa haraka, unakaza zaidi.
- Fungua kiganja, osha, kausha vizuri, kata kucha.
- Usimwinue mgonjwa kwa kuvuta mkono uliopooza, bega linaumia.
- Usimwekee chupa ya maji moto. Ngozi isiyosikia inaungua.
- Mkono ukikaza ghafla kuliko kawaida, angalia kama kuna kidonda, homa, choo kigumu au maumivu ya mkojo, na umpeleke kwa daktari.
- Daktari akiandika baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, usiikate ghafla bila kumuuliza.

Mkono ulioachwa umekunjwa miezi mingi unaganda, na hapo hata mashine nzuri haitaufungua. Tuanze kuunyoosha mapema, Mangobo, Makiso, Lubunga, kila nyumba yenye mgonjwa.