Mwaka Mpya, Vidonge Vilevile



Kila Januari humkumbuka mama mmoja wa kliniki yetu ya shinikizo la damu. Kabla ya Noeli nilimpima, nikakuta 130 kwa 80. Alifurahi sana. "Sista, nimepona!" Nikaandika kwenye daftari lake, nikampa hongera, nikamwita anayefuata, maana foleni ilikuwa ndefu. Sikumwuliza neno "nimepona" analielewaje.

Alikwenda kula sikukuu kwa mwanawe, vidonge akaviacha nyumbani. Wiki ya pili ya Januari aliletwa amebebwa, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Leo anatembea kwa fimbo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika jumuiya yake ndogo ndogo, na sasa maneno yanamtoka kwa shida.

Ndugu zangu, wengi wetu tumezoea kuona kwamba ugonjwa ni maumivu. Malaria inakuchoma, unameza dawa siku 3, homa inaondoka, basi. Shinikizo la damu halina tabia hiyo. Mtu analima, anaimba, anacheka, na huku damu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, ikiharibu mishipa ya ubongo, figo, macho na moyo. Usingoje kichwa kiume. Kipimo ndicho kitakachokuambia: ukipimwa siku tofauti na namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, huo ni ugonjwa hata kama hujisikii lolote.

Ile 130 ya mama yule ilikuwa kazi ya vidonge. Kuviacha kwa sababu kipimo ni kizuri ni sawa na kung'oa bati kwa sababu ndani hakuvuji. Kwa wagonjwa walio wengi dawa hizi ni za maisha. Fikra hiyo ni ngumu kuipokea, najua. Mtu hujiona amefungwa. Lakini wapo wanaomeza miaka mingi na bado wanalima mashamba yao. Zikikuletea kikohozi, kizunguzungu au miguu kuvimba, njoo useme ubadilishiwe, usiache kimyakimya.

Wengine huacha dawa baada ya kuombewa. Ombeeni wagonjwa, ni jambo jema. Lakini someni pia Yoshua bin Sira sura ya 38, mwone jinsi tabibu na dawa vinavyohesabiwa kuwa vimetoka kwa Mungu.

Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa chunguni. Samaki wa chumvi na vile vidonge vya mchuzi navyo vimo katika hesabu hiyo. Sigara iacheni kabisa. Pombe nayo hupandisha shinikizo.

Akina baba, ninyi kliniki mnaiona ni ya wanawake. Njoni mpimwe, ni dakika chache tu.

Na katika familia yoyote, mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamkwama, mleteni hospitali saa ileile. Msingoje kupambazuke, wala msimpe vidonge vya jirani.