Kasi katika Mtandao wa Waya: Etheneti na Utaratibu wa Zamu

1. Utangulizi

Katika ofisi na maktaba za vyuo vikuu, kompyuta nyingi huunganishwa kwa waya unaotoka nyuma ya mashine na kuishia katika kisanduku chenye matundu mengi. Mtumiaji akiambiwa kwamba mtandao huo ni wa gigabiti moja, hudhani kwamba habari hukimbia ndani ya waya upesi kuliko zamani. Dhana hiyo ina makosa, na chuo kinachoifuata huweza kutumia fedha zake mahali pasipofaa. Makala haya yanakusudia kueleza kasi hiyo ni nini na ilipatikana kwa njia gani.

2. Mwendo na kasi

Katika lugha ya kila siku, maneno «mwendo» na «kasi» hubadilishana nafasi. Hapa yafaa yatenganishwe. Mwendo wa ishara ya umeme katika waya wa shaba ni takribani theluthi mbili za mwendo wa mwanga, yaani kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ndivyo ulivyokuwa mwaka 1980, na leo haujabadilika sana. Kasi ya mtandao ni jambo lingine: ni idadi ya biti, yaani alama za 0 na 1, zinazotiwa kwenye waya katika sekunde moja. Faili lenye megabaiti 100 lina biti milioni 800. Waya wa megabiti 10 kwa sekunde utalipitisha kwa sekunde 80. Wa megabiti 100, kwa sekunde 8. Wa gigabiti moja, kwa muda usiotimia sekunde moja.

3. Waya mmoja kwa wote

Mwezi wa Mei 1973, Robert Metcalfe, mtafiti wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, aliandika waraka ulioeleza mtandao aliouita Etheneti. Yeye na mwenzake David Boggs waliujenga kwa kasi ya megabiti 2.94 kwa sekunde. Jina lilitokana na «etha», kitu ambacho wanafizikia wa karne ya 19 walidhani kimeenea kila mahali na kubeba mwanga. Vivyo hivyo, waya mmoja ulizipitia kompyuta zote, na ujumbe wa mmoja uliwafikia wote. Mwaka 1980 makampuni ya Digital, Intel na Xerox yalitangaza kanuni za megabiti 10, na mwaka 1983 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliidhinisha kiwango kinachoitwa 802.3.

Utaratibu wa zamu ulifanana na ule wa baraza lisilo na mwenyekiti. Anayetaka kusema husikiliza kwanza. Kukiwa kimya, huanza. Wawili wakianza pamoja, wote hunyamaza, kisha kila mmoja husubiri muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena.

Utaratibu huo una sharti. Msemaji lazima awe bado anasema wakati habari ya mgongano inapomrudia, la sivyo ataamini kwamba ujumbe wake umefika salama. Kwa sababu hiyo fremu, yaani kifurushi kimoja cha habari, haikuruhusiwa kupungua biti 512, ambazo kwa megabiti 10 huchukua mikrosekunde 51.2. Kasi ikizidishwa mara kumi, fremu hiyo huisha katika sehemu ya kumi ya muda huo, ilhali ishara inakwenda kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana mtandao wa pamoja, ulioweza kuenea kilomita 2.5, ulibaki na mita 200 hivi ulipoletwa ule wa megabiti 100 mwaka 1995. Kikwazo kikawa ni kugawana waya.

4. Swichi na jozi za shaba

Dawa ilikuwa swichi, kile kisanduku chenye matundu mengi. Kila kompyuta hupewa waya wake. Swichi husoma anwani iliyo mwanzoni mwa fremu, kisha huipeleka kwenye tundu la anayehusika tu. Pande zote mbili huweza kutuma na kupokea wakati mmoja, na mgongano hautokei tena. Muundo wa fremu kwa jumla ulihifadhiwa, hata vifaa vya zamani na vipya vikaendelea kuelewana.

Waya wenyewe una jozi nne za nyuzi za shaba, madini ambayo kati ya mwaka 1971 na 1997 yaliipa Katanga jina lake. Nyuzi za kila jozi husokotwa pamoja ili kelele ya umeme inayoingia katika uzi mmoja iingie sawasawa katika wa pili. Mpokeaji hupima tofauti tu, na kelele hujifuta. Katika kiwango cha gigabiti kilichoidhinishwa mwaka 1999, kila jozi hubeba megabiti 250 kwa sekunde kila upande, hadi umbali wa mita 100. Kwa masafa marefu hutumiwa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga.

5. Hitimisho

Vifaa viwili vinapounganishwa hupatana juu ya kasi ya juu inayowezekana kwa vyote viwili. Uzi mmoja ukikatika, gigabiti haipatikani, na vifaa vingi hushuka hadi megabiti 100 bila kumwarifu mtumiaji. Tena, kasi ya ndani ya jengo haiongezi hata kidogo uwezo wa njia inayounganisha chuo na intaneti. Kabla ya kununua swichi mpya, basi, inafaa kupima kwanza kila sehemu ya njia: kompyuta, waya, swichi, na kiungo cha nje. Safari nzima haiwezi kuishinda kasi ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.