Mbolea ya Mwisho Kabla ya Jilaal

Januari ikiingia Mandera, jilaal, msimu wa kiangazi, hushika. Mto Daua, unaoteremka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, hupungua siku baada ya siku, na mwaka mbaya hubaki mchanga mtupu. Migomba, milimau na miembe ya Rhamu na Khalalio hulazimika kuishi kwa akiba yake hadi mvua za gu, mwezi Aprili. Akiba hiyo huwekwa mapema, na mbolea ya Novemba ina mkono wake humo.

Wakulima wa mizabibu wa Ulaya na Marekani Kaskazini wanalijua hili kwa upande wa baridi. Mzabibu ukipewa naitrojeni nyingi majira ya joto yakiisha, huendelea kuchipua badala ya kukomaza matawi na kuweka wanga. Barafu huyakuta matawi mabichi, na macho yake hufa. Dodoma hakuna barafu ya kuhofia: mkulima huupumzisha mzabibu kwa kuupogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka.

Mandera adui ni kiu.

Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Ikiwekwa mvua za deyr, za mwisho wa mwaka, zikiondoka, mti hutoa majani mapana, laini, yenye kupoteza maji mengi, huku mizizi ikibaki nyuma. Ikiachwa juu ya udongo wenye joto, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia. Fedha ya mkulima imepaa. Tena mbolea nyingi za dukani ni chumvi. Mahali penye mvua ya takriban milimita 250 kwa mwaka, chumvi haioshwi chini; hujilimbikiza na kuizuia mizizi isinywe.

Potasiamu hufanya kazi tofauti: huusaidia mti kufunga vitundu vya majani jua linapokuwa kali. Mgomba ni mlafi wa madini haya, na huyahifadhi kwa wingi kwenye kigogo na majani. Kwa hiyo kigogo kilichovunwa kikatwekatwe na kutandazwa shinani, kilishe na kutia kivuli udongo. Mbuzi nao huyataka majani hayo. Wakiyala, samadi yao irudi shambani, ila ioze kwanza, maana mbichi huunguza mizizi.

Kwa anayelima kando ya Daua, yurea iwekwe deyr ikiwa bado inanyesha, ifukiwe, kisha isiguswe tena hadi gu. Desemba ni mwezi wa samadi iliyooza na matandazo.