Mtoto Asiyeona Ubao Si Mjinga

Katika mabwawa mengi yaliyochimbwa sehemu za Meru na Embu kuanzia mwaka 2009, wakati wa mpango wa serikali wa kufufua uchumi, hufugwa ngege, yule samaki aitwaye pia tilapia. Mkulima humthamini kwa nyama yake. Wachache wanajua kwamba mwaka 2005 wataalamu nchini Kanada walimtumia samaki huyu huyu kuchunguza tatizo linalowasumbua wanafunzi wengi, yaani kutoona mbali.

Walimfunika jicho moja ili lisipate taswira kamili. Baada ya majuma machache jicho lile lilikuwa limekua kupita kiasi, likawa halioni vya mbali. Kifuniko kilipoondolewa, likarejea hali yake. Siku hizi uchunguzi wa aina hii huendelezwa kwa samaki mdogo mwenye milia kama ya punda, mwenyeji wa mito ya India na Bangladesh, asiyezidi urefu wa kidole. Mayai yake ni maangavu, hivyo jicho huonekana likiumbika, na kwa siku tano hivi kifaranga huwa tayari kuwinda kwa macho yake. Isitoshe, takriban jeni saba katika kila kumi za binadamu zina zinazolingana nazo katika samaki huyu. Jeni moja, iitwayo lrp2, ikiharibika, jicho lake huvimba na kurefuka. Na binadamu wenye hitilafu katika jeni hiyo hupata ugonjwa adimu unaoandamana na kutoona mbali kwa kiwango kikubwa.

Maana yake ni kwamba jicho hukua likiongozwa na kile linachokiona, pamoja na urithi. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Likizidi kwa milimita moja tu, taswira huangukia mbele ya retina, na ubao huwa ukungu.

Hapa lugha yetu yenyewe inatuponza. Kwa Kiswahili, mwenye kuona mbali ni mwenye busara; asiyeona mbali ni mpumbavu. Sijui kama ni kwa sababu hiyo, lakini nilipokuwa mwanafunzi niliadhibiwa mara nyingi kwa kunakili kutoka daftari la jirani yangu. Hakuna aliyeniuliza kama nauona ubao, nami nilidhani wote huuona vile. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini lawama ya uvivu haikuondoka navyo.

Lipo jambo jingine. Mwaka 2015 ilitangazwa matokeo ya utafiti wa Guangzhou, Uchina, ambako watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, walioanza kutoona mbali walikuwa 30 hivi katika kila 100, ilhali katika shule zisizoongeza muda huo walikuwa karibu 40. Mstari wa ikweta unapita Meru. Mwanga wa jua hatuununui. Hata hivyo mwanafunzi wetu wa bweni huamka kabla ya mapambazuko, akashinda darasani, kisha akarudi chini ya taa hadi usiku. Saa ya michezo ndiyo ya kwanza kunyang'anywa mtihani unapokaribia. Je, tumewahi kuhesabu gharama yake?

Kupima macho nako hakuhitaji daktari kila mara. Katika shule 50 za Trans Nzoia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walimu waliofunzwa wanaweza kuwapima wanafunzi kwa simu ya mkononi. Pale wazazi walipokumbushwa kwa ujumbe wa simu, watoto 54 katika kila 100 waliopatikana na tatizo walifika hospitali. Pale walipopewa barua tu, walifika 22. Hata kwa njia iliyo bora, basi, karibu nusu walirudi madawatini vile vile walivyokuwa.