Dohani Inapoanza Kumomonyoka

Sehemu ya dohani iliyochomoza juu ya paa huwahi kuchakaa kuliko ukuta wowote wa nyumba. Nje hupigwa na mvua na jua pande zote nne. Ndani hupita moshi wenye mvuke, ambao ukipoa huacha majimaji yenye tindikali yanayoila mota polepole. Katika nyumba za zamani za Lushoto, Mufindi au Limuru, ambako baridi haina mzaha, dalili huonekana mapema: mchanga uliodondoka mekoni, chumvi nyeupe kwenye matofali, na mota inayochimbika kwa ncha ya ufunguo.

Ukaguzi huanzia juu, kwenye kifuniko cha zege cha dohani. Kikiwa na ufa, maji huingia katikati ya ukuta, na kujaza mota kwenye viungo vya matofali chini yake ni kazi bure. Bati linaloziba maungio ya dohani na paa nalo huangaliwa.

Mota mbovu hutolewa kwa patasi nyembamba na nyundo hadi kina cha milimita 20 au 25. Grainda huharakisha kazi, lakini mkono ukiteleza hukata kingo za matofali. Vumbi hupigwa brashi, kisha ukuta hunyunyiziwa maji, kwa kuwa tofali kavu hunyonya maji ya mota kabla haijakamata. Mota mpya hushindiliwa kwa tabaka. Kiungo chenye kina kirefu hakijazwi kwa mkupuo mmoja.

Penye makosa mengi ni kwenye kuchanganya. Fundi huzidisha saruji ili kazi idumu, na hapo ndipo anapoliua tofali. Mota ngumu haipitishi unyevu, hivyo maji hutafuta njia kupitia tofali lenyewe, na uso wake huanza kubanduka. Kinachopaswa kuchakaa ni kiungo, kwa sababu hicho hujazwa tena. Kwa matofali ya kuchoma ya ugumu wa wastani, saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6 hutosha. Kwa yaliyo laini zaidi hufaa chokaa 1 kwa mchanga 3, bila saruji. Kazi hufunikwa kwa magunia mabichi siku kadhaa.

Ndani ya meko mambo ni mengine. Joto likipita takriban nyuzi 400 za selsiasi, saruji ya kawaida hupoteza nguvu na kuwa unga. Hapo hutumika matofali ya kuhimili moto na mota yake maalumu, viungo vikiwa vyembamba, kama milimita 3. Moto wa kwanza baada ya ukarabati huwa mdogo, kisha huongezwa siku hadi siku, ili unyevu usigeuke mvuke na kupasua kazi.

Nyufa zilizo ndani ya njia ya moshi hazisubiri. Hupitisha cheche hadi kwenye mbao za paa, na pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Dohani iliyoinama, au ambayo matofali yake yanacheza yakisukumwa kwa mkono, haijazwi viungo. Hubomolewa hadi penye uimara na kujengwa upya.